Malalamiko ya Shangazi Kuhusu "Nipe Trekta"

Kwa Mbunifu Mkuu wa programu ya simu iitwayo "Nipe Trekta",
ambaye pia ni mtoto wa kaka yangu.

Kutoka kwa mmiliki wa trekta moja, tela moja, haro moja ya kuvunjia mabonge na mashine ya kupukuchua mahindi,
ambaye pia ni shangazi yako.

KUH: MALALAMIKO RASMI, NA OMBI LA KUIFUTA PROGRAMU AU KUITIA ADABU

Ndugu Mbunifu,

Nakuandikia barua kwa sababu nikikupigia simu utaniambia upo kwenye kikao. Sijui mnaongea nini huko, maana kila nikipiga kikao kipo, na kila kikiisha unatuletea kitufe kipya. Barua haikatwi katikati. Utaisoma yote, na ukiona imekuwa ndefu, kumbuka kwamba mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama yako alipokuwa anaumwa, na hukunisikia hata siku moja nikisema wewe ni mzito.

Kabla sijaanza kuhesabu makosa, nikukumbushe tulikotoka. Ulikuja hapa nyumbani na kompyuta yako ya mapajani, ukakaa uani kwangu wiki nzima, ukaniambia kazini kwenu mmepewa mradi wa kutengeneza programu kwa ajili ya watu wenye mitambo ya shamba. Nikafurahi. Nikamwambia fundi, nikamwambia dereva, nikawaambia hata wasiouliza. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ile ya daktari anayetaka kujua choo kimekuwaje, "Shangazi, kero yako kubwa kama mmiliki ni ipi?"

Nikakujibu anavyojibu mtu yeyote mwenye trekta: watu. Nikasema watu hawaniachi nikapumua. Wanabisha hodi sijanawa uso. Mmoja anakaa kwenye benchi, mwingine kwenye tela, wa tatu anapindua ndoo yangu ya kufulia na kuikalia. Wananimalizia chai. Anayetaka kulimiwa nusu eka anaanza na habari za binti yake aliyeolewa mbali, na mpaka afike kwenye hiyo nusu eka jua limeshakuwa la utosi. Nikasema nimechoka. Nikasema natamani siku moja niamke nisimkute mtu.

Wewe ukaandika. Nikadhani unaandika kama mtoto mwenye adabu anayemsikiliza mkubwa wake. Kumbe ulikuwa unapokea maagizo.

Mwanangu, ukubwa jalala, na mimi jalala langu nilikuwa nalipenda. Mtu mzima akilalamika kwamba wageni wamemmalizia chai, unamwambia, "Pole shangazi, ndiyo taabu ya kuwa mtu wa watu." Anaguna, anafurahi, mnaendelea na mengine. Huendi kuwafukuza wageni. Nilikuwa najisifu! Katika kazi hii yetu hakuna mwenye trekta asiyelalamika kusumbuliwa, na asiyelalamika ujue trekta yake haitakiwi na mtu. Umesoma mpaka umevaa miwani, na hili hukufundishwa?

Basi programu imekuja, inafanya kazi, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Mengine ni haya.

1. Jina lenyewe. "Nipe Trekta." Nani kwenu anasema "nipe"? Mimi na baba yako tulilelewa nyumba moja, na mezani kwetu hata chumvi haikupewa mtu aliyesema "nipe". Ulisema "naomba", ukangoja, na ukisahau chakula ulikila hivyo hivyo bila chumvi mpaka adabu ikurudie. Sasa trekta nzima, yenye magurudumu yanayonipita kimo, inaombwa kwa neno lililomfanya kaka yangu anyimwe chumvi.

Na baada ya jina, ombi lenyewe. Juzi simu imelia, nikaitazama: "Mteja Mpya. Eka mbili. Jumanne. Asubuhi." Basi. Hakuna hodi, hakuna habari za asubuhi, hakuna "mguu unaendeleaje". Nikainua macho dirishani ili nipumzishe hasira, nikamwona huyo Mteja Mpya kwa macho yangu mawili. Ni jirani yangu wa nyuma ya ua. Amesimama kwenye kibaraza chake na kaptura ya kulalia, ameinamia simu, anasubiri jibu langu. Mtu ambaye uzio wetu ni mmoja! Mtu ambaye kuku wake wanataga kwangu, na mimi namrudishia mayai nikiwa na moyo mzuri! Programu yako inamwita mpya.

Nataka yafuatayo. Mtu akifungua programu, asione trekta. Aone neno "Shikamoo", alibonyeze, kisha angoje mpaka mimi nibonyeze "Marahaba". Nitabonyeza nikimaliza shughuli zangu. Baada ya hapo zifuate habari za nyumbani, za watoto na za mguu wangu, kila moja na kitufe chake, na asiruke hata kimoja. Akimaliza yote ndipo aone picha ya trekta, tena ya kwa mbali.

2. Ukweli. Hapa naomba ukae vizuri, maana umeharibu kitu ambacho kilitengenezwa na vizazi vya wenye mitambo.

Duniani kuna watu ambao huwezi kuwalimia, na pia huwezi kuwaambia kwamba hutawalimia. Kwa ajili ya watu hao Mungu alileta neno "mbovu". Unamwambia mtu, "Ningekusaidia, lakini trekta ni mbovu." Yeye anajua si mbovu. Wewe unajua kwamba anajua. Anasema pole, anakunywa chai, anaondoka na heshima yake mfukoni, na mkikutana msibani mnasalimiana vizuri. Hilo si uongo, ndugu Mbunifu. Hiyo ni grisi. Bila hiyo watu wanasagana.

Fundi wangu alikuwa mwaminifu sana katika kazi hii. Akimwona mtu fulani anapinda kona, anafungua gurudumu moja bila kuambiwa na kulilaza chini, halafu anajifuta mikono kwa tambara na kutikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Leo hana kazi hiyo. Programu yako imeweka ramani, na juu ya ramani trekta yangu inawaka taa ya kijani, inaonekana mpaka kwa mtu aliyelala kitandani kwake.

Unamjua shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Ni mtu mzuri, na anachekesha, lakini akichukua trekta inarudi bila tone la dizeli na matope mpaka kwenye usukani. Alinipigia. Nikamwambia, kwa huzuni, pampu ya dizeli imekufa. Akasema pole sana shemeji. Sijaweka simu chini, ameniletea picha ya ile ramani, na trekta yangu inatembea. Chini yake ameandika, "Marehemu anatembea." Nilicheka peke yangu jikoni, siwezi kudanganya, lakini nilicheka kwa aibu, na shamba lake ikabidi lilimwe.

Nataka kijani kibaki, ila kiongezewe wenzake. Iwepo rangi ya "mbovu kwa wote". Iwepo ya "mbovu kwa shemeji tu". Iwepo ya "mbovu mpaka aombe radhi", hii iwe nyekundu. Na iwepo picha ya gurudumu lililolazwa chini, ambayo fundi ataituma mwenyewe kwa wakati anaoona unafaa, ili asije akasahau ufundi wake.

3. Foleni. Umeandika kwa maneno makubwa, "Anayewahi ndiye anayehudumiwa." Nani alikuambia dunia inakwenda hivyo? Anayewahi kubonyeza simu ni nani? Ni mwenye baa, kwa sababu halali, ana simu ya bei mbaya, na vidole vyake vimezoea. Mvua ya kwanza iliponyesha, kabla matone hayajakauka kwenye bati, alikuwa ameshajiandikisha wa kwanza. Shamba lake ni tambarare, halidhuriki hata likingoja, na nusu yake hupanda majani ya kuuzia wenye ng'ombe.

Wa mwisho alikuwa mkunga mstaafu. Wewe mwenyewe ulipita mikononi mwake, na nusu ya waliomtangulia kwenye hiyo foleni yako pia. Yule mama shamba lake liko mtelemkoni. Likichelewa, mvua kubwa ikija inaondoka na udongo na mbegu. Ana simu ya vitufe vya kawaida isiyojua programu wala ramani. Akamwomba mjukuu wake anayesoma mbali amwandikishie, mjukuu akakumbuka siku ya tatu, na programu yako ikampanga nyuma ya watu wote kwa haki kabisa. Dereva akaniambia hawezi kuruka zamu, simu inakataa. Mimi mwenye trekta, nimekatazwa na trekta!

Zamani nilikuwa nawapanga mwenyewe. Nikikaa pale uani na kikombe changu, namwangalia huyu, namwangalia yule, najua nani ana mgonjwa ndani, nani mumewe amesafiri, nani analia kwa kuwa ana shida na nani analia kwa kuwa ni mlizi. Aliyejigamba kilabuni kwamba mimi siwezi kumnyima, namweka wa mwisho, na anajua kwa nini, na mwaka unaofuata anakuwa mtu wa adabu. Nakiri kwamba wakati mwingine nilipendelea. Lakini niliyempendelea aliniona nampendelea, na niliyemwonea alikuwa na mahali pa kukaa akaninunia usoni. Simu unainunia wapi?

Kwa hiyo nataka programu ijue haya yote. Ijue kila mtu na mama yake. Ijue mitelemko. Ijue nani alikuja kunisaidia kuchimba kaburi na nani alituma salamu. Najua utasema hayo ni mambo mengi mno kuingia kwenye simu. Kwangu yameingia kichwani, na bado nafasi ipo.

4. Nyota. Sikujua kama kuna nyota mpaka dereva aliponionyesha huku anajaribu kuficha meno. Mke wa jirani yangu, yule yule wa uzio mmoja, amenipa nyota tatu. Chini yake ameandika, "Huduma nzuri ila mmiliki ana maneno."

Nina maneno? Mimi?

Ndugu Mbunifu, nilikaa na hilo jambo kutwa. Nilianza kuandika jibu, nikalifuta, nikaandika lingine, likawa refu kuliko la kwanza, nikalifuta tena kwa sababu niliona linathibitisha. Tangu lini mtoto wa juzi akampa mtu mzima maksi? Kama ana neno na mimi, apite pale kwenye tundu la uzio wanapopita kuku wake, aje aniambie, nimjibu, tununiane siku mbili, na ya tatu aje kuomba kiberiti. Ndivyo watu wanavyokaa. Sasa amenipa nyota zake akaingia ndani, na mimi siwezi kumnunia kwa sababu programu inasema maoni ya wateja hayana majina. Hayana majina, lakini maneno ni yake, na hata koma ni zake.

Dereva yeye amepewa nyota tano. Tangu siku hiyo hashikiki. Amenunua miwani ya jua. Nikimwambia ashushe haro polepole ananiangalia kama mtu anayeonewa wivu. Juzi amemwambia fundi kwamba yeye ndiye "sura ya huduma". Naomba nyota zote zifutwe, isipokuwa zile ambazo mkubwa anampa mdogo, na hizo zisizidi mbili, asije akalewa.

5. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mengine ningeyanywa na maji.

Uani kwangu hakuna mtu.

Naamka, nafungua mlango, naikuta trekta, tela na benchi. Birika langu ni lile kubwa, bado nalijaza kwa mazoea, maana mkono una akili zake. Nakunywa kikombe changu, cha pili nakunywa kwa kujilazimisha, kinachobaki namwagia migomba. Simu inalia kila saa. Kazi ni nyingi kuliko miaka yote, hilo siwezi kukunyima, trekta hailali na mapato yanaingia moja kwa moja kwenye simu bila mtu kuja kusema nusu leo nusu baada ya mavuno. Ukiwauliza wanaokaa vikaoni na wewe watasema nimefanikiwa. Nimefanikiwa, nimekaa kimya kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Unajua mume wangu alipofariki watu walinishauri niuze trekta. Kaka yangu, baba yako, alisema mwanamke peke yake na chuma kama kile atasumbuliwa na watu. Nikakataa kwa sababu hiyo hiyo. Sikuwa najua hata plau inafungwaje. Lakini niliona asubuhi ya pili baada ya watu wa matanga kuondoka, mtu wa kwanza kubisha hodi alikuwa mkulima aliyetaka kulimiwa, na alipokaa akaanza na habari za binti yake, nami nikamsikiliza mpaka mwisho, na nikaona siku imepita. Ndivyo nilivyopita mwaka ule wote, ndugu Mbunifu, siku moja moja, juu ya mabega ya watu waliokuja kunisumbua. Sasa wewe, kwa mapenzi yako, umewaambia wasije.

Nasema wazi kwa sababu barua haina haya: nina upweke. Sikuwa nao, nimeletewa, na umeuleta wewe.

6. Kwa hiyo, kama mmiliki wa kwanza kutumia programu, na kwa kuwa uliniambia maoni yangu yatazingatiwa, natoa mapendekezo ya toleo linalofuata.

Mosi, programu isipatikane kwenye kila simu. Ipatikane kwenye simu moja. Simu hiyo ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibaraza changu, na anayetaka trekta, hata kama si yangu, aje aitumie hapo. Mnyororo ninao.

Pili, kwa kuwa simu moja itakuwa na foleni, watu watahitaji mahali pa kungojea. Benchi lipo. Yaongezwe mengine mawili, na hayo ndiyo yatakuwa "ukurasa wa mbele" unaouzungumzia kila siku.

Tatu, simu ya kwenye mnyororo itaharibika, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu shemeji naye ataitumia. Ikiharibika isitengenezwe. Watu waniambie mimi shida zao kwa mdomo, nami nitawapangia zamu. Nimeshaeleza hapo juu kwamba mambo yao ninayo kichwani.

Nne, ukiangalia vizuri utaona kwamba baada ya hatua ya tatu programu nzima itakuwa ni mimi. Itawaka jua linapochomoza. Haitahitaji chaji bali chai. Itamjua kila mteja kwa jina, itamwuliza habari za mgonjwa wake, na pale inapobidi itamwambia trekta ni mbovu huku inamtazama machoni. Hakuna mwenzako hapo ofisini anayeweza kutengeneza kitu kama hicho hata mkikaa kwenye kikao mpaka muote mizizi. Ukiwapelekea wakubwa wako, waambie ni ubunifu wangu. Sitadai chochote, ila jina langu liandikwe kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Mwisho, kuhusu ile karatasi ya kuikubali programu. Najua uzito wake, usidhani sijui. Uliniambia wenye mitambo wote wa upande huu wanangoja neno langu, kwamba nisipoweka saini hawataingia, na wasipoingia mradi utafungwa na wewe utarudishwa kwenye ile kazi ya kuchora duka la viatu ambayo ulikuwa huipendi. Karatasi iko hapa mbele yangu, na kalamu ni hii ninayoandikia. Imeniuma, maana wewe ni damu yangu, na nilikuona ulivyokuwa unahangaika uani hapa na macho mekundu, unanionyesha vitufe kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Lakini sijaweka saini, na sitaweka. Afadhali uchore viatu, mwanangu. Viatu havimnyimi mtu majirani.

Nimemaliza. Nisalimie wote hapo ulipo: mkeo, watoto na bibi yao wa upande wa pili, ingawa sikumwona akija kuniuguza mguu. Msalimie bosi wako, mwambie simjui lakini simchukii. Msalimie yule mwenzako anayechora vitufe, mwambie kijani chake kinaumiza macho. Na kama kwenye hicho kikao kuna mtu anayepika chai, huyo msalimie kwa namna ya pekee, maana ndiye pekee kati yenu anayefanya kazi ninayoielewa.

Ni mimi, mwenye hasira na mapenzi kwa kiasi kinacholingana,

Shangazi yako,
Mmiliki.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa iondoke jana na dereva wa lori la mbolea, lakini alipita kasi hakunisikia nikimwita. Mungu ana mipango yake. Usiku wa jana lile toleo jipya la majaribio, lililowaunganisha wenye mitambo wote ili wajionee kabla ya kuamua, limeingia kwenye simu za watu. Sijui umekoroga nini humo ndani. Ramani inaonyesha kila trekta, kila plau, kila tela la upande huu, na hata ile mashine kubwa ya kuvunia ya ng'ambo ya mto, vyote vimeegeshwa uani kwangu. Dereva anasema huenda ni kwa kuwa uliitengenezea hapa hapa, na programu ikashika kwamba trekta zote za dunia hukaa mahali ilipozaliwa. Anaweza kuwa na akili kidogo nyuma ya ile miwani.

Nilipofungua mlango asubuhi nilikuta watu mpaka barabarani. Wenye mashamba wamekuja kutafuta trekta. Wenye trekta wamekuja kuuliza kwa nini trekta zao, ambazo wameziacha nyumbani, zinaonekana kwangu, na mmoja alizunguka nyuma ya choo kuhakikisha. Jirani yangu amepita kwenye tundu la kuku, amevaa suruali, na amenisalimia mpaka akaulizia mguu. Mkewe amekuja nyuma yake na sufuria ya maziwa, akaniambia birika langu halitatosha. Tumenuniana kidogo tu, kwa sababu ya kazi.

Kwa kuwa simu hazikuwa na msaada ilibidi watu waongee. Mwenye shamba alikuwa hapa, mwenye trekta alikuwa hapa, wakapatana wenyewe. Mwenye baa alikuwa wa kwanza kufika, kama kawaida yake. Lakini mkunga alipoingia na fimbo yake, akakaa, akaanza kuwatazama mmoja mmoja, mwenye baa alisimama mwenyewe akasema yeye anaweza kungoja mpaka wiki ijayo. Nilimwongezea sukari.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja mpaka sita, hesabu kwamba hayakuandikwa. Karatasi nimeitia saini na nimeiambatanisha, na wenye mitambo wenzangu wametia zao nyuma yake, baadhi wakiegemeza kwenye mgongo wa shemeji. Mwambie bosi wako kwamba sijapata kuona programu nzuri kama hii. Usiirekebishe. Nakuomba kama shangazi na nakuagiza kama mmiliki, usiguse kitu chochote mpaka msimu uishe, na mkono ukikuwasha, ukalie.

Naandika haya nikiwa nimesimama, kwa kuwa sina pa kukaa. Kila mwenye shamba ameshapata trekta, na kila mwenye trekta anajua kesho anaanzia wapi. Shughuli iliyowaleta imeisha tangu mchana, na mpaka sasa hakuna aliyeaga.